Arobaini na Moja ya Kabatini

3 Februari

Kwako Bi Daftari,

Usishtuke. Ni mimi, bado niko hai, ingawa magoti yamestaafu kabla yangu. Anwani yako nimepewa na yule fundi wetu wa taa, ambaye siku hizi anauza balbu. Anasema macho yako ni mazima na ulimi wako ni mzima zaidi.

Miaka thelathini na moja ni mingi kwa watu waliokuwa wakikaa viti vilivyogusana. Mimi nikitunga na kusimamia mchezo, wewe ukiandika kila kitu: nani kashika kikombe kwa mkono gani, mlango uliachwa wazi au umefungwa, ili kesho tukiendelea kurekodi mtazamaji asione kikombe kimehama chenyewe. Tangu uondoke nimefanya kazi na wasimamizi wa mwendelezo wanane. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisimamisha kwa sababu mwigizaji kaingia chumbani na vifungo vinne akatoka na vitano.

Kilichonifanya nikutafute ni hiki. Kituo kinataka kunienzi. Tarehe kumi na mbili Aprili, ukumbini, watanipa kombe la kioo na kuonyesha vipande vya michezo yangu yote ya televisheni, kuanzia "Mlango wa Pili". Wameniuliza kipande ninachokipenda kuliko vyote. Nikajibu bila kufikiri: sehemu ya arobaini na mbili, pale mama anaposhona kifungo cha mtoto anayekwenda shule ya bweni.

Unaijua. Ndiyo siku ile mwigizaji wetu hakutokea, tukamvuta marehemu mke wangu kutoka chumba cha nguo, pini bado ziko mdomoni. Fundi cherehani wetu, mara moja tu maishani mwake mbele ya kamera. Na ndiyo kanda iliyokuja kufutwa, ikarekodiwa mechi ya mpira juu yake. Sitaki kufukua ya zamani.

Binti yangu, yule Chiriku aliyekuwa analala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza ya kukatia, sasa ana miaka thelathini na mbili. Tangu apate akili hajawahi kusikia sauti ya mama yake, popote. Nataka jioni ile mwigizaji mpya alicheze upya onyesho lile, Chiriku akae mstari wa mbele, apate angalau maneno. Mswada ninao. Lakini unamjua marehemu, hakusema hata sentensi moja kama nilivyoiandika. Aliyoyasema yako kwenye daftari lako. Niazime.

Mtunzi wako wa zamani


14 Februari

Kaka Mtunzi,

Barua imefika, kona moja imefunguka na stempu umeibandika kichwa chini. Hujabadilika.

Madaftari ninayo yote kumi na tisa, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Siyaazimi. Marehemu mume wangu ningemwazima mtu kabla ya madaftari, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kwanza nikusahihishe. Kwako wewe ni sehemu ya arobaini na mbili, lakini kwenye kabati la kanda ni ya arobaini na moja. Umesahau? Wakubwa waliizuia ile ya saba kwa sababu mwenye nyumba ndani yake alifanana mno na shemeji wa mkurugenzi. Haikurekodiwa, lakini wewe kwa ubishi wako ulikataa kurudisha hesabu nyuma. Miswada yako ikaendelea kana kwamba ya saba ipo, na kanda za kabatini zikabaki nyuma kwa moja. Miaka miwili tuliishi na hesabu mbili, kama nyumba yenye saa mbili za ukutani zisizopatana.

Haya, nakunakilia:

"Sehemu ya 41 (kabati). Ua wa nyuma, asubuhi. Mama: blauzi ya kijani, mkono wa kulia umekunjwa mara mbili, wa kushoto mara moja. Shati la mtoto liko gotini. Mswada: 'Mwanangu, dunia ni bahari ya mawimbi, nawe huna usukani.' Alivyosema: 'Uzi ukining'inia usiuvute. Utang'oa kifungo. Kata.' Anakata kwa meno. Mswada: 'Nenda ukawe nguzo ya ukoo.' Alivyosema: 'Ukifika uniambie kama vitanda vina baridi.' Kanda: imefutwa. Sababu:"

Mwambie huyo mwigizaji mpya asiharakishe. Marehemu alipokwisha kusema "Kata" alikaa pumzi nne nzima, Chiriku akapiga chafya kule kapuni, ndipo akaendelea huku anazuia kicheko.

Chiriku mpe salamu zangu. Mwambie alinilowesha gauni zaidi ya mara moja na sikumdai hata sabuni.

Bi Daftari
(mtaani wananiita jina jingine, ila hilo tuliache)


22 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. "Kama vitanda vina baridi"! Nilikuwa nimesahau kabisa. Nakumbuka nilivyofura kule chumba cha kuongozea kwa sababu kanivurugia mswada, na dakika chache baadaye mpiga kamera wetu, yule jibaba lisilocheka, anafuta macho kwa kitambaa cha lenzi.

Siku ile ndiyo niliyojifunza kazi. Kabla yake nilikuwa naandika hotuba na kuwagawia watu. Baada yake, kila nilipomaliza ukurasa nilijiuliza: fundi cherehani wangu angelisemaje hili? Michezo kumi na mmoja, Bi Daftari. Yote wanayonisifia leo niliikata kwa kipimo chake.

Unaikumbuka studio? Vumbi lilivyokuwa linaungua juu ya taa, ukuta wa mbao nyembamba uliotikisika kila mlango ukifungwa, birika la chumba cha vipodozi ambalo halikuwa na mfuniko. Mke wangu akipita na futi ya kupimia shingoni, anamkaripia waziri wa mchezo: "Mheshimiwa, hebu vuta tumbo." Tulikuwa maskini wa kila kitu na tulijiona matajiri. Nimefanya kazi kwenye studio zenye viyoyozi tangu hapo, na sijawahi kucheka namna ile.

Sasa maswali mawili. La kwanza: pumzi nne na chafya umezijuaje? Daftari lako halikuwa na kawaida ya kuandika chafya. Kuna mahali umezisikia?

La pili ni hiyo sababu. Miaka yote umeiacha wazi. Si ungeandika tu kwamba namba ilikosewa, yakaisha? Wewe ndiye uliyeipeleka chumba cha kanda. Najua nilikusema vibaya mbele ya watu, lakini nilikuwa nimetoka kuzika wiki mbili tu. Ujue mimi nilikwisha kukusamehe zamani. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mtunzi


2 Machi

Bwana Mtunzi,

Umenisamehe. Asante. Niliiweka barua yako juu ya friji, nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Na mimi nikuulize. Katika mchezo wako wa pili kulikuwa na karani anayepoteza kila kitu: funguo, barua za watu, hata mtoto wa jirani sokoni. Ukamwita Bi Sahau. Ukampa miwani yangu, ukampa daftari, ukampa mpaka mtindo wangu wa kuchomeka kalamu kwenye nywele. Wakati huo nilikuwa nimeshahamishiwa ghala la viti. Mama yangu alimcheka Bi Sahau wiki mbili nzima, kisha jioni moja akainuka akazima televisheni. Hakuniambia kwa nini na mimi sikumuuliza. Mwezi uliofuata niliacha kazi.

Mpaka leo mwenye duka hapa mtaani akinifungia sukari huniambia, "Bi Sahau, usije ukaiacha hapa." Hana ubaya. Alikuwa mtoto mchezo ule ulipokuwa ukionyeshwa, na jina alilikuta tayari. Wewe unaita ndwele iliyopita. Mimi huipita dukani kila asubuhi.

Swali lako la kwanza: ndiyo, ipo kaseti. Macho peke yake hayakutosha, kwa hiyo nilikuwa naweka kinasa sauti kidogo chini ya kiti, nikifika nyumbani nasikiliza na kusahihisha daftari. Sauti ya marehemu imo. Chafya imo.

Siwezi kuitoa. Usiniulize kwa nini.

Bi Daftari


8 Machi

Shangazi,

Hatujuani, ila naambiwa ulinibeba kabla sijajua kukaa. Naomba nikuite shangazi. Ukikataa nitalirudisha jina bila ugomvi.

Baba hajui kwamba naandika. Tangu barua yako ifike anakaa barazani na mswada gotini na wala haufungui. Ameniambia kaseti ipo na hutaki kuitoa, kisha akaongeza kwamba pengine anastahili. Hakufafanua. Baba yangu hufafanua kila kitu, hata namna ya kukoroga chai, kwa hiyo nimeogopa.

Mama aliniachia nguo tatu, mkasi, na picha ambazo zote kafumba mdomo. Nikiwa mdogo nilimuuliza baba sauti yake ilikuwaje, naye akaniigizia. Nikauliza tena baada ya muda, akaniigizia, ikatoka sauti nyingine. Nilipofika miaka kumi nikagundua kwamba amesahau. Nikaacha kuuliza, nisimtie aibu.

Mambo yenu ya zamani siyajui wala sikuja kuyaamua. Nakuomba tu. Hata dakika moja, hata kama ni kikohozi.

Chiriku


17 Machi

Kaka,

Binti yako ameniandikia. Usimgombeze. Amenikata maini, na sasa ni lazima niseme.

Kaseti ina pande mbili. Upande wa kwanza ni mkeo. Wa pili niliunasa miezi mingi baadaye, siku ya mazoezi, yeye yuko hospitali. Kanda za studio zilikuwa haba, unakumbuka, na kila mwisho wa mwezi ilikuwa kazi yako kuchagua sehemu moja ya zamani ifutwe ili kanda itumike tena. Nilikufuata na fomu. Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea chini ya kiti. Nakunakilia kama ilivyo:

"Mimi: Mwezi huu tunafuta ipi?
Wewe: Arobaini na moja.
Mimi: Arobaini na moja yako au ya kabatini?
Wewe: Nimesema arobaini na moja. Wewe mwanamke hujui kuhesabu? Andika, nina haraka.
(Mlango.)"

Wewe ulimaanisha ya mswada wako, ile ya ugomvi wa foleni ya maji, iliyokuwa haina kichwa wala miguu. Kabatini hiyo ilikuwa ya arobaini. Mimi nikaandika arobaini na moja, neno kwa neno kama ulivyosema. Na arobaini na moja ya kabatini alikuwa mkeo.

Ulipomtoa Bi Sahau niliitia kaseti kwenye bahasha nikaenda nayo posta. Nilipanga foleni mpaka dirishani, nikanunua stempu moja, nikarudi nyumbani. Nilijiambia nakuhurumia. Mtu kafiwa, utamwambiaje kwamba aliyemfuta mkewe ni yeye mwenyewe kwa kinywa chake? Hiyo ni nusu ya ukweli.

Nusu ya pili sijamwambia mtu, hata mama yangu hakuisikia. Nilijua. Nilipokuwa naandika ile namba nilijua kabatini ni ya nani. Ningeweza kukufuata koridoni nikauliza mara ya pili. Sikukufuata kwa sababu uliniudhi. Nikasema moyoni, haya, bwana mkubwa, kesho utakuja mbio kusahihisha, na hapo tutajua nani hajui kuhesabu. Kesho yake hukuja. Mgonjwa alikuwa amezidiwa. Siku ya tatu nilikimbilia chumba cha kanda, nikakuta mpira umesharekodiwa mpaka penalti ya mwisho.

Ndiyo maana hapo kwenye sababu pako wazi. Sikujua niandike jina la nani.

Mpwa wangu anatengeneza redio. Anaweza kunakili upande wa kwanza peke yake, Chiriku akamsikia mama yake na asijue kitu kingine. Au nitume zote mbili. Wewe ndiye baba yake, uamue wewe.

Bi Daftari


24 Machi

Bi Daftari,

Michezo kumi na mmoja nimeandika, na katika kila mmoja sehemu ya mwisho kuna mtu anaambiwa ukweli. Anashika kifua, muziki unaingia. Uongo mtupu. Mimi nilipomaliza barua yako nilianza kutafuta viatu vyangu. Nilivitafuta nyumba nzima nami nimevivaa.

Tuma kaseti yenyewe, pande zote mbili. Mpwa wako asiguse kitu.

Mtunzi


15 Aprili

Dada yangu,

Kaseti ilifika salama, imezungushiwa soksi ya sufu. Chiriku akaazima redio ya kaseti kwa jirani, tukakaa jikoni, nikabonyeza mwenyewe.

Kwanza ulikohoa wewe. Kisha kiti kikaburuzwa, mtu akasema kimya jamani, na yeye akaanza. Dada, kumbe sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyokuwa naiigiza miaka yote. "Uzi ukining'inia usiuvute." Nikamtazama Chiriku nikidhani analia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeitwa na hajui anaitwa kutoka wapi. Akasema, "Baba, mbona ni mimi?"

Na kweli ni yeye. Ni sauti ileile, mpaka ile namna ya kuangusha neno la mwisho. Nimeisikia ikiniuliza kama nimekunywa dawa, ikinigombeza kwa kuacha bomba wazi, asubuhi na jioni, na sikuijua. Mimi ndiye Bi Sahau.

Upande wa pili nilitaka kusingizia haja. Nikabaki. Ilipofika kwenye "hujui kuhesabu" nilitamani sakafu inimeze. Chiriku alisikiliza mpaka mlango ukafungwa, akaniuliza, "Siku ile ulikuwa hujalala siku ngapi?" Nikamwambia nne. Akaigeuza kaseti, akaanza tena upande wa mama yake. Na mimi nililia kama mtoto, muziki wala haukuingia.

Mwigizaji mpya nilimrudisha kwao kwa heshima. Pale ukumbini nilipopewa kombe niliweka redio mezani, nikawasikilizisha onyesho, kisha nikawasikilizisha na mdomo wangu mchafu. Nikawaeleza hesabu zetu mbili. Nikawaambia kwamba mwanamke niliyewafanya mumcheke hakusahau kitu hata siku moja, aliyekosea namba ni mimi, na nikalitaja jina lako la kazi mara tatu. Mkurugenzi alikuwa ananionyesha saa. Sikumjali.

Lile neno kwamba nilikusamehe naomba ulichome moto. Mimi ndiye ninayeomba unisamehe: kwa siku ile, kwa ghala la viti, kwa mama yako kuinuka kuzima televisheni. Hiyo nusu yako ya pili usiibebe tena. Ungeuliza mara ya pili ningekutukana mara ya pili.

Ninakuomba jambo moja. Jaza ile nafasi. Andika: Sababu, kosa la mtunzi.

Ndugu yako


23 Aprili

Kaka yangu,

Nilikutazama kwenye televisheni ya jirani. Ulipanda jukwaani miwani iko mfuko wa kushoto, ukashuka iko wa kulia, na katikati hukuivaa. Huyo msimamizi wako wa mwendelezo wa siku hizi anafanya kazi gani?

Kwa jirani nilijifanya nimeingiwa na vumbi. Nyumbani sikujifanya. Nililia, kaka, na machozi yenyewe hata hayakuniuma.

Asubuhi nilikwenda dukani kama kawaida. Mwenye duka alifunga sukari, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Karibu tena, Bi Daftari," polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Nikatoka. Nikafika nusu ya njia ndipo nikagundua sukari nimeiacha juu ya meza yake. Nimecheka peke yangu barabarani mpaka watu wakageuka.

Ulilotaka niandike nimelikataa. Daftari langu haliandikiwi na mtunzi. Nimeandika hivi:

"Sababu: Mtunzi hakuwa amelala siku nne. Msimamizi wa mwendelezo hakuuliza mara ya pili. Sauti: imepatikana."

Wino ulikuwa unagoma nikaukoleza, kwa hiyo ukurasa umeandikwa na hautafutika. Nimekusamehe, na hilo nimeliandika pia, pembeni, kwa penseli, maana bado nakujua.

Njoo Jumapili, uje na Chiriku. Wewe utakaa kimya kwenye kiti, ninacho cha kukutosha. Daftari nitampa yeye. Nataka aufungue ukurasa ule wa arobaini na moja anisomee yote, kuanzia kwenye uzi, kwa sauti.

Bi Daftari